Tandiko Linapomuumiza Mnyama na Aliyempanda

SWALI: Mtaalamu, salaam. Mimi ni mfugaji wa ng'ombe huku Kongwa. Mwaka huu nilinunua farasi wa kuzungukia malisho pamoja na tandiko la ngozi lililokwisha kutumika. Kila ninapomfunga mkanda wa tumboni hulaza masikio na kugeuza kichwa ili aniume, na nikishampanda hutembea kwa hatua fupi. Mimi nami nikishuka kiuno huniuma na magoti huwa yamekaza. Jirani anasema farasi huyu ni mkorofi, dawa yake ni fimbo. Je, ni kweli?
Mfugaji, Kongwa

JIBU: Ndugu mfugaji, fimbo iweke kando. Farasi anayetaka kuuma wakati wa kufungwa mkanda kwa kawaida amekwisha kutambua kwamba mkanda ndio mwanzo wa maumivu, nawe ukimchapa utampa sababu ya pili ya kukuogopa. Maumivu yake na yako yanaelekea kuwa na chanzo kimoja, nacho ni tandiko ulilolinunua.

Uti wa mgongo wa farasi haupaswi kukaliwa. Kinachostahili kupokea uzito ni misuli iliyolala pande zote mbili za uti, ambayo chini yake imeshikiliwa na mbavu. Tandiko zuri huugawa uzito wa mpandaji juu ya misuli hiyo kwa mito miwili, na katikati huacha uwazi ili mfupa usiguswe kabisa. Ndani ya tandiko mna kiunzi cha mbao, chuma au plastiki ngumu, na umbo lake halibadiliki hata ukiipaka ngozi mafuta kila wiki. Kiunzi kikiwa kipana kuliko mgongo, tandiko huanguka mbele na kuugonga mwinuko ulio juu ya mabega. Kikiwa chembamba, hubana pande mbili za mwinuko huo, sehemu ya mbele ikainuka na kikalio kikainamia nyuma.

Kwa maelezo yako nadhani lako ni hilo la pili. Mpandaji wa tandiko lililoinamia nyuma huteleza kuelekea kiunoni mwa farasi huku miguu yake ikitangulia mbele ya mwili, na kila hatua ya farasi humpiga kiunoni, kwa kuwa nyonga, magoti na vifundo haviwezi tena kuupokea mshindo. Ili asirudi nyuma zaidi hubana kwa magoti na kujishikilia kwa hatamu. Farasi naye akivutwa mdomoni na kubanwa mgongoni huinua kichwa, hukakamaza mgongo na kufupisha hatua, na ukakamavu huo unamrudia mpandaji kwa mshindo mkali zaidi. Ukitaka kujua umekaaje, mwombe mtu akutazame kutoka ubavuni: sikio, bega, nyonga na kisigino chako vinapaswa kufuatana katika mstari mmoja wa wima.

Sasa lipime. Msimamishe farasi mahali tambarare, uliweke tandiko bila blanketi, mbele kidogo ya mahali pake, kisha ulirudishe taratibu hadi litulie lenyewe nyuma ya kombe la bega. Wengi hukosea hapa. Farasi anaponyoosha mguu wa mbele, ncha ya juu ya kombe la bega hurudi nyuma, kwa hiyo tandiko lililosogezwa mbele mno hulizuia, na hatua fupi unazoziona zinaweza kutokana na hilo peke yake. Upande wa nyuma, mito isivuke ubavu wa mwisho, ambao ni wa 18, kwa sababu baada ya hapo mgongo hauna mbavu za kuusaidia. Kati ya tandiko na mwinuko wa mabega papite vidole viwili hadi vitatu, tena wewe ukiwa umekwisha kupanda, wala si tandiko likiwa tupu. Mwisho pitisha kiganja chini ya mito kutoka mbele hadi nyuma. Kikibanwa mbele na nyuma lakini kikalegea katikati, ujue kwamba uzito wako wote unaangukia pembe nne tu.

Ukirudi malishoni, vua tandiko utazame jasho. Doa kavu katikati ya mgongo uliolowa lichunguzwe, kwa maana mara nyingi ndipo palipokandamizwa kupita kiasi. Nywele nyeupe zilizoota kwa madoa chini ya tandiko ni alama ya majeraha ya zamani, na huenda farasi wako alikuja nazo.

Usijaribu kutibu kiunzi chembamba kwa kuongeza blanketi, maana ni sawa na kuvaa soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana. Mito iliyojazwa sufu inaweza kujazwa upya na fundi wa ngozi mwenye mkono mzuri, ila kiunzi kisichofaa dawa yake ni kutafuta tandiko jingine. Tandiko likifaa na farasi akaendelea kuuma, mwite daktari wa mifugo, kwani vidonda vya tumbo navyo huleta tabia hiyo.

Tena upimaji wa mara moja hautoshi kwa mazingira yetu ya Dodoma. Mvua zetu huanza takriban Desemba na kuishia Aprili. Tandiko lililomkaa vizuri Mei, mnyama akiwa ameshiba majani mabichi, litashuka na kugusa mfupa kufikia Oktoba misuli ikiwa imepungua.

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Punda wangu wa kuchotea maji ana kidonda mgongoni tangu kiangazi kilichopita. Tunamtandika kiroba, tunamfunga madumu manne kwa mpira wa tyubu. Nikimpaka oili chafu kidonda hukauka kisha hurudi. Nifanyeje?
Mama wa Chamwino

JIBU: Marahaba, mama. Kidonda hakiponi kwa sababu kila asubuhi kinafunguliwa upya. Maji ya dumu la lita 20 yana uzito wa kilo 20, kwa hiyo madumu manne ni kilo 80, na punda wetu wengi hawafiki kilo 150. Mzigo usizidi theluthi ya uzito wake, yaani madumu mawili, moja kila upande. Najua itakulazimu kwenda kisimani mara mbili, lakini hakuna tandiko litakaloyafanya madumu manne kuwa halali.

Acha kiroba, kwani hakinyonyi jasho na kinachubua. Shona mito miwili ya gunia la katani, ijaze majani makavu hadi iwe imara, uiunganishe kwa mikanda ili katikati pabaki uwazi wa uti wa mgongo. Sponji ya godoro haifai, kwa kuwa chini ya mzigo hulala bapa. Mkanda wa tumboni uwe wa kitambaa kizito, wenye upana wa kiganja. Punda hana mwinuko mkubwa wa mabega kama farasi, hivyo mteremkoni mzigo humtelezea shingoni; mfungie mkanda mwingine laini unaozunguka nyuma ya mapaja.

Oili chafu ni sumu, usimpake tena. Osha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, na umpumzishe hadi ngozi ifunge kabisa. Kikivimba, kikinuka au kikitoa usaha, mwite afisa mifugo wa kata, umuulize pia kuhusu pepopunda, ugonjwa unaowapata punda na farasi kwa urahisi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo inakataza kumtumikisha mnyama kwa namna ya kumtesa.

SWALI: Mwanangu wa miaka kumi hupanda punda bila tandiko. Kuna ubaya?
Msomaji, Bahi

JIBU: Kwa mwendo mfupi si ubaya mkubwa, mradi punda awe mzima na ametimiza miaka minne. Bila tandiko uzito wote hushukia mahali padogo chini ya makalio, kwa hiyo atandikwe blanketi lililokunjwa, mtoto akae karibu na mabega na si kiunoni, na asipande kamwe punda akiwa amebeba maji.