Mkojo na kichwa, wapi na wapi?

SWALI: Shikamoo mama. Baba yangu ana miaka 71, mkulima wa korosho huku Newala. Mwaka juzi alianza kutembea kwa kuburuta miguu. Msimu uliopita mkojo nao ukaanza kumtoka: akisema tu anataka kwenda, umeshamwagika. Sasa anasahau hata kama amekula. Tulidhani ni tezi dume. Daktari alimpiga picha ya CT-Scan, akasema maji yamezidi kichwani, apelekwe Dar es Salaam akawekewe mpira. Baba mdogo amegoma, anauliza mkojo na kichwa wapi na wapi. Tufanyeje?
Binti wa Newala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Baba mdogo ameuliza swali la haki, nianze na lake.

Ndani ya ubongo mna vyumba vinavyotengeneza maji, karibu nusu lita kwa siku, ambayo hunyonywa na kurudi kwenye damu. Kwa baadhi ya wazee unyonywaji hulegea, vyumba vikatanuka polepole na kuvuta nyuzi za fahamu zinazopita kando yake. Nyuzi hizo ndizo zinazoiongoza miguu, na ndizo zinazokiambia kibofu "ngoja kwanza". Zikidhoofika kwa kuvutwa hivyo, kibofu hujibana chenyewe bila ruhusa.

Ugonjwa huu ulielezwa na daktari wa Colombia, Salomón Hakim, pamoja na wenzake mwaka 1965. Mara nyingi miguu hutangulia. Mtazame baba anapogeuka mlangoni. Mjomba wangu wa Lindi aligeuka kwa hatua kumi na moja, nyayo zimenata sakafuni kama yumo kwenye jaruba la mpunga. Nilizihesabu kwa macho yangu, mimi muuguzi, nikasema ni uzee. Miaka miwili nilimfulia shuka tu. Alipokuja kupigwa picha, hasimami tena. Linaniuma mpaka leo.

Kabla ya upasuaji, daktari anaweza kumtoa maji mililita 30 hadi 50 kwa sindano ya mgongoni, kisha amtembeze. Mrekodi kwa simu kabla na baada, njia ile ile. Akichangamka miguu ni dalili njema. Asipobadilika, msikate tamaa, muulizeni daktari kama kuna kipimo kingine.

Mpira wenyewe, shanti, huingizwa kwa tundu dogo kwenye fuvu, ukapita chini ya ngozi hadi tumboni, na maji yakanyonywa huko. Kibofu hakiguswi. Mwendo ndio unaorudi zaidi. Mkojo hutulia kwa wengi, hasa wasiochelewa. Kumbukumbu ni nzito kurudi. Hatari zipo: mpira kuziba, kuingiwa na wadudu, damu kuvuja ndani ya fuvu. Baada ya upasuaji akipata homa, kichwa kikali au usingizi usio wa kawaida, hospitali siku hiyo hiyo.

Tezi dume nayo ipimwe, maana mzee anaweza kuwa na yote mawili. Ila kuikata tezi hakuondoi maji ya kichwani.

Mkiwa bado mnatafuta nauli, msimnyime maji ya kunywa. Mpelekeni chooni kila baada ya saa mbili, kabla hajabanwa, na usiku taa iwake njiani. Mkifika MOI, taasisi ya tiba ya mifupa na upasuaji wa ubongo pale Muhimbili, mwe na filamu yenyewe ya CT-Scan mkononi, si karatasi ya majibu peke yake.