Vijana mnaotaka kuingia kwenye waya za atomu, someni hapa kwanza

Vijana wa fizikia wa Unguja na Pemba mnaoniuliza kuhusu hizi waya za atomu, yaani safu za atomu zilizokaa mstari juu ya uso wa kitu kama silikoni, naandika mara moja nisije nikamjibu kila mtu mbali mbali. Mkishika moja tu shikeni hili: kuona mistari kwenye picha si ushahidi kuwa elektroni nazo zinaishi kwenye mstari. Kulisahau hili kumewapoteza mpaka wakubwa wenye maabara za mapesa.

Waya zenyewe hakuna anayezipanga kwa mkono, zinajipanga. Unachukua silikoni iliyokatwa mshazari kidogo ili uso wake uwe ngazi ngazi, unaisafisha kwa moto mkali ndani ya vakyumu ya kama 10⁻¹⁰ mbar (hewa ikizidi sana hapo uso umeshachafuka hujapima kitu), kisha unaivukizia dhahabu kidogo tu, haifiki hata tabaka moja la atomu, na atomu zenyewe zinatafuta pa kukaa kwenye ngazi na kujipanga safu. Silikoni 553 na 557 ndizo maarufu kwa dhahabu (namba hizi zinasema fuwele imekatwa kwa upande gani). Indiamu juu ya silikoni 111 haidai hata ngazi, na germaniamu 001 inapokea dhahabu au platinamu. Ukiziangalia kwa hadubini ya STM, ile yenye ncha kali inayopita juu ya uso ikaonesha atomu moja moja, wallahi utasema mtu kapiga rula.

Sasa mstari una nini? Kwenye metali ya kawaida elektroni ina nafasi ya kumpisha mwenzake, lakini fikiria vile vichochoro vya Mji Mkongwe ambavyo vespa mbili hazipishani, wa mbele akisimama kumuamkia bibi kizee barazani basi na wa nyuma wote wamesimama. Kwenye mstari ukisukuma elektroni moja umezisukuma zote, kwa hiyo kinachotembea ni wimbi la kundi zima, na hapo chaji inaweza kwenda kwa mwendo wake na spini (ule usumaku mdogo wa elektroni) kwa mwendo wake. Hii ndiyo nadharia ya Tomonaga wa 1950 na Luttinger wa 1963. Njia nyengine ni ya Peierls: atomu zinasogeleana mbili mbili, pengo la nishati linafunguka, yaani nishati ambazo elektroni haiwezi kuwa nazo, na waya iliyokuwa inapitisha umeme inakuwa haipitishi. Indiamu juu ya silikoni 111 inafanya kitu kama hicho, kwenye joto la kawaida ni metali yenye mpangilio wa 4×1 (namba ni ukubwa wa umbo linalojirudia juu ya uso), ukiishusha chini ya kama Kelvini 125 inageuka 8×2 na umetali unaondoka, Yeom na wenzake waliripoti 1999, na kama ni Peierls halisi au la watu wamebishana miaka.

Kisa cha dhahabu juu ya 557 ndicho ninachotaka mkisome vizuri. Mwaka huo huo wa 1999 ilitoka makala ikisema bendi mbili (bendi ni njia za nishati za elektroni) zilizoonekana kwa ARPES, kipimo cha kuzitoa elektroni kwa mwanga, ni chaji na spini zimeachana, watu wakafurahi kweli, ikafika 2001 wengine wakapima kwa makini zaidi wakakuta ni bendi mbili tofauti ambazo hazikutani kwenye usawa wa Fermi (nishati ya juu kabisa ambayo elektroni zimejaza), halafu mahesabu ya baadaye yakasema sababu ni spini kufungamana na mwendo wa elektroni. Dhahabu juu ya germaniamu nayo hivyo hivyo, 2011 ikatangazwa kuwa ni kimiminika cha Luttinger, ile hali ya wimbi la kundi zima, wengine wakapima wakasema jamani elektroni hizi zinavuka kutoka waya hadi waya, huo ni uso wa dimensheni mbili, si mstari. Waya zipo, hakuna anayekataa, ila elektroni hazikusoma jina la makala.

Kwa nyie mlioko Tunguu au Chake na laptopu tu, anzeni na mahesabu, kupima kutataka safari. Quantum ESPRESSO, programu ya kuhesabu elektroni za kitu, ni ya bure. Uso wa chini wa kipande cha silikoni unachokihesabu ufunge kwa hidrojeni. K-pointi (nukta za mawimbi ya elektroni ambazo programu inahesabia) za kukatiza waya usiweke moja eti kwa sababu ni waya, hapo jibu umeshalitia mwenyewe kabla ya kuhesabu, ongeza uone bendi zinapinda (elektroni zinavuka) au zimelala (zimebaki kwenye waya yake). Ukiwa na dhahabu washa na spini-obiti, ule mfungamano wa spini na mwendo. Na ukitafuta Peierls urefushe seli (kile kipande kinachojirudia) mara mbili kufuata waya, seli ndogo haiwezi kukuonesha atomu zikioana hata uihesabu mwaka mzima. Luttinger usimtafute humo, hesabu hizi za kawaida hazimjui. Umeme wetu mnaujua, basi wekeni max_seconds ndogo kazi isimame na kujihifadhi yenyewe, halafu muiendeleze kwa restart.

Wa kufuatilia ni ASESMA, skuli ya Kiafrika ya mahesabu haya tangu 2010, na EAIFR, taasisi ya utafiti ya Kigali iliyo chini ya mwavuli wa ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia cha Trieste, Italia. Mwenye Kiingereza cha kusitasita asiogope, humo chumbani wengi wako hivyo.

Na yakhe, ukitaka nikuangalilie kazi yako nitumie bendi za pande zote mbili, za kufuata waya na za kukatiza. Ya upande mmoja siifungui.