Saa ya otomatiki inayotangulia sekunde 18 kwa siku: je, ni mbovu?

Swali: Nimenunua saa ya mkono ya otomatiki (isiyo na betri, inayojijaza nguvu kwa mwendo wa mkono) ya bei nafuu, yenye mashine ya Seiko NH35. Inatangulia sekunde 18 kila siku, ilhali saa yangu ya betri haikosei hata dakika moja kwa mwezi. Je, nimeuziwa saa mbovu? Nitazame nini nikitaka kununua nyingine?

Jibu: Kwa kipimo hicho pekee, saa yako ni nzima. Watengenezaji wa NH35 wanaruhusu ichelewe hadi sekunde 20 au itangulie hadi sekunde 40 kwa siku. Ndani ya saa ya betri kuna kipande cha madini ya kwazi (quartz) kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde. Gurudumu la mizani la saa yako, yaani gurudumu dogo linaloyumba huku na huku kuhesabu muda, hupiga mara sita tu kwa sekunde, na mwendo wake hubadilika kulingana na mkao, joto na nguvu iliyobaki katika kamani, yaani springi inayoiendesha.

Ubora wa mashine ya namna hii hupimwa kwa uthabiti wake zaidi kuliko kwa idadi ya sekunde inazokosea. Ijaze kamani kwa mkono, vuta kitufe cha pembeni ili mshale wa sekunde usimame, iwianishe na saa ya simu, kisha andika tofauti kila siku saa ileile kwa muda wa wiki moja. Ukipata 18, 17, kisha 19, una mashine nzuri, kwa sababu fundi ataisogeza karibu na sifuri kwa kugusa kidogo mkono wa kurekebishia mwendo. Ukipata 4 leo na 35 kesho ilhali unaivaa vilevile, marekebisho hayo hayatasaidia. Huenda kuna uchafu, mafuta yamekauka, au gurudumu la mizani halizunguki kwa uhuru. Ikianza ghafla kutangulia kwa dakika kadhaa, shuku sumaku kwanza: isogeze karibu na dira, na sindano ya dira ikicheza, fundi ataiondoa sumaku hiyo kwa muda mfupi bila kufungua kasha. Jaribu pia kuilaza usiku katika mikao mbalimbali, kwani mara nyingi upo mmoja unaoirudisha nyuma sekunde chache, na hivyo kufuta sehemu ya ilizotangulia mchana.

Kuhusu saa nyingine, kumbuka kwamba NH35 huuzwa kwa watengenezaji wengi wa saa, kwa hiyo saa mbili za bei tofauti zinaweza kuwa na moyo uleule. Tofauti itafute kwenye kasha na uso. Chukua lenzi ya kukuzia utazame kama alama ya 12 imenyooka na mstari wa dakika ulio pembeni yake, kama maandishi yana kingo safi, na kama mishale haina mikwaruzo katikati, mahali iliposhindiliwa. Mimi hutoa uzito mkubwa kwa mambo haya, maana uso uliopangwa kwa uangalifu ndio utakaoutazama kila siku kwa miaka.

Kioo cha yakuti kina ugumu wa 9 katika kipimo cha Mohs, wakati chembe za mchanga huwa na 7, ndiyo maana hakikwaruzwi ovyo; cha akriliki hukwaruzika upesi lakini husuguliwa kikang'aa tena. Maandishi ya kustahimili maji hadi mita 30 hayakupi ruhusa ya kuogelea. Kwa kupiga mbizi, tafuta iliyotimiza kiwango cha ISO 6425, ambacho hutaka kila saa ipimwe moja moja, na hata hiyo ibadilishwe mipira ya kuzuia maji kadiri inavyozeeka. Ukubwa nao usiusome kwa kipenyo peke yake: pima urefu kutoka sikio la juu la kasha (linaloshika mkanda) hadi la chini, nao usizidi upana wa kifundo cha mkono wako.

Mwisho, uliza kuhusu vipuri. Mashine ya NH35 nzima mara nyingi hugharimu chini ya kuifungua, kuisafisha na kuipaka mafuta, hivyo mafundi wengi huibadilisha tu. Mashine isiyo na jina inaweza kukosa hata kitufe cha kubadilishia.