Mgonjwa Wenu wa Akili Akiruhusiwa, Msimwache Peke Yake

Ndugu yangu mdogo aliporuhusiwa kutoka wodi ya wagonjwa wa akili, sisi wa nyumbani Kisauni, Mombasa, tulipika pilau, majirani wakaja kutupa pole, na kila mmoja wetu akaamini kwamba yamekwisha. Majuma matatu tuliyomwacha wodini tulikuwa hatulali kwa hofu; siku aliyorudi ndiyo hofu ilipotutoka, na hapo ndipo tulipokosea.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya tafiti za nchi nyingi, ulionyesha kwamba katika miezi 3 ya kwanza baada ya kutoka hospitali ya akili, vifo vya kujiua huwa kwa kiwango cha takriban 1,132 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Walio wengi sana hawajiui, na hilo nalo lisisahauliwe. Hata hivyo kiwango hicho ni kikubwa mno kuliko cha watu wengine, na juma la kwanza ndilo la kuchungwa zaidi, kwa sababu wodini kulikuwa na muuguzi aliyekesha, ilhali nyumbani mgonjwa huyakuta madeni yale yale, na juu yake aibu ya kutazamwa na mtaa.

Siku ya nne wageni walikuwa wamekwisha, nami nilikuwa nimerudi kazini ng'ambo ya Likoni. Jioni nilimkuta mwanangu amevaa saa ya ami yake, na simu ya ami yake anayo pia. Tukausifu ukarimu huo. Usiku ndipo nilipopata wasiwasi kwamba huenda anagawa vitu vyake kwa kuwa anataka kujiua, nikamwambia mama kwamba nitamuuliza ndugu yangu waziwazi.

"Usimtie maneno hayo, mwanangu," akasema mama.

Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji, lakini huyu huulizwa, tena kwa jina la jambo lenyewe, na wataalamu wanakubaliana kwamba kuuliza hakumpandishii mtu wazo hilo. Nilimuuliza: "Unafikiria kujiua?" Alinyamaza kitambo, kisha akasema ndiyo, tangu usiku wa pili. Mama alihamishia godoro lake chumbani mwa ndugu yangu, na alfajiri tukarudi hospitali, ingawa miadi ilikuwa baada ya mwezi mzima. Mjomba alitukataza kwa kuogopa polisi, maana kifungu cha 226 cha sheria ya jinai ya Kenya kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha katiba Januari 2025.

Tungejua, tungeomba miadi ya juma lile lile kabla ya kutoka, na dawa kidogo kidogo badala ya mfuko wa mwezi mzima aliokabidhiwa yeye mwenyewe. Sasa mama ndiye mwenye ufunguo wa kasha la dawa. Tungeuliza pia nani wa kupigiwa usiku wa manane. Kenya, namba 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo. Palipo na hatari ya papo hapo, mtu asiachwe peke yake hata kwa kwenda dukani, apelekwe hospitali iliyo karibu.

Miezi mitatu ile tulipeana zamu, naye akilalamika kwamba tunamlinda kama mtoto. Mwezi wa pili alimwomba mwanangu amrudishie saa. Simu alimwachia.