Newmarket bila farasi: nilichojifunza kwa kuinakili picha ya Stubbs

Mkuu, umeuliza ile picha ya George Stubbs, mchoraji Mwingereza wa karne ya 18, ya uwanda wa Newmarket, mji wa mbio za farasi huko Uingereza, yenye kijumba cha matofali na nyasi tu, ina nini cha kutazama ilhali mchoraji mwenyewe alikuwa bingwa wa kuchora farasi. Nimeinakili mara tatu kwa rangi ya mafuta, na nakujibu kwa niliyoyaona nikiwa na brashi mkononi.

Anza na kile kijumba. Stubbs aliichora picha hii mnamo 1765, enzi ambayo farasi aliweza kukimbizwa raundi kadhaa kwa siku moja, mara nyingi maili 4 kila raundi. Akirudi anatiririka jasho, alipelekwa kwenye kijumba kama hicho, akasuguliwa kwa majani makavu na vitambaa mpaka akauke, kisha akaitwa tena. Mimi nilipolijua hilo nikaanza kuitazama picha upya. Pale ni mahali pa kazi, saa ambayo wenye kazi hawapo.

Ilinganishe na picha yake ya Gimcrack, yule farasi mdogo wa kijivu. Kijumba ni kilekile. Mbele yake Gimcrack anahudumiwa baada ya mbio, na kwa mbali ni yeye huyohuyo, bado anakimbia, amewaacha wenzake nyuma. Mandhari ile Stubbs aliitumia tena nyuma ya farasi aitwaye Turf. Kwa hiyo kile kipicha kidogo kisicho na farasi, chenye sentimita 30 kwa 42 hivi, kilikuwa akiba yake ya kazi. Leo kimo katika mkusanyiko wa Tate, London, na kwangu mimi kinashinda picha zake nyingi kubwa.

Sasa upande wa rangi, maana ulisema unataka kujaribu. Nakala yangu ya kwanza niliimaliza kwa jioni moja, nikaona pametulia mno, nikaongeza farasi kwa mbali. Alikuwa mdogo kuliko punje ya mchele, lakini jicho likawa linakwenda kwake tu. Anga halikuonekana tena. Nilimkwangua kwa kisu rangi ikiwa mbichi.

Ya pili niliiharibu kwa kijani. Nilikitoa kwenye tyubu kama kilivyo, na uwanda ukawa kama zulia jipya. Newmarket ni nyasi fupi juu ya mwamba wa chaki, maji hayatuami, na kijani chake kina ukavu fulani. Mara ya tatu nilichanganya manjano ya udongo na buluu kidogo, nikatia tone la rangi ya matofali yaleyale ya kijumba. Hapo ardhi na jengo vikaanza kuongea.

Ushauri wangu: shusha mstari wa upeo, chini kuliko unavyodhani, na anga ulipe muda mwingi kuliko kitu kingine chochote. Kijumba kipake mwisho, nyasi zikishakauka. Pale ukuta unapokutana na ardhi usiweke mstari mweusi. Lainisha kwa brashi kavu, mpako mmoja tu, la sivyo jengo litaonekana limebandikwa. Mimi sehemu hiyo, isiyozidi upana wa kidole, ilinichukua asubuhi nzima.