Jibu: Igizo la wazee wa Vita vya Kagera pale Mwaloni

Habari za leo, ndugu. Umeeleza kwamba igizo lenu kuhusu wazee waliopigana Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, ambao leo hawana pa kulala, lilipita Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, bila mtu kusimama. Kwanza angalieni saa, kwani asubuhi wachuuzi wa dagaa wako mbioni. Sisi tulihamia alasiri, tukaacha hotuba, tukatandika maboksi kando ya magunia, na mzee mmoja, kwa ridhaa yake, akakunja koti lake kuukuu taratibu akalifanya mto. Watu walinyamaza, kisha wakaanza kumuuliza maswali. Msivae nguo zinazofanana na sare za jeshi, maana raia wamekatazwa. Usiku sijawahi kujaribu.