Mwanangu Aika: Krismasi njoo, mkopo tuupigie hesabu kwanza

Mwanangu Aika,

Marahaba. Huku Kibosho, Kilimanjaro, hatujambo. Baba yako ameshaanza kuuliza nani anakuja lini, na ukimjibu "bado hajasema" ananyamaza kwa namna unayoijua.

Umeniuliza mambo mawili kwa pumzi moja. Benki imekubali kukukopesha milioni 80 za nyumba ya Kigamboni, miaka 20, riba asilimia 15 lakini "inayobadilika", nawe unataka kujua kama uchukue. Halafu ukauliza kama nitakuelewa ukibaki Dar Krismasi hii ili marejesho yasikulemee tangu mwanzo.

La Krismasi ni rahisi. Njoo.

Najua unachoogopa si nauli ya basi. Unaogopa yale yanayoanza ukishashuka: mbuzi, mchango wa harusi ya binamu, kipaimara cha mtoto wa jirani, kitenge cha shangazi, sukari ya kila mzee utakayepita kumwamkia, na Januari inakungoja na ada za watoto. Sasa tenganisha. Kuna desturi na kuna maonyesho. Desturi ni ibada ya asubuhi tukiwa wote, kufyeka na kusafisha makaburi ya babu na bibi kihambani, kwenye shamba la ukoo, kula pamoja, na kupita kwa wazee kuwasalimu. Wenye ugomvi wanakaa chini, na kama ni mzito jani la isale, letu la kuombea msamaha, linapelekwa, watu wanasameheana kabla mwaka haujaisha. Hayo yote hayana bei kubwa. Kinachomaliza pesa ni gari la kukodi ili uonekane umefika nalo, na kreti za bia mezani wakati mbege ipo, ya ndizi na ulezi wa hapahapa, na ndiyo wazee wanayoitaka.

Hata mbuzi ana mjadala. Miaka ya 2001 na 2002, bei ya kahawa ilipoanguka duniani kote, nyumba nyingi hapa mgombani zilichangia mbuzi mmoja. Wazee walipata sehemu zao, kisusio, mchuzi wa damu ya mbuzi, kikanywewa, watoto wakala mtori wa ndizi, na sijasikia mtu akisema Krismasi haikuwapo. Ulikuwa mdogo, lakini ulikula. Ukikosa, unamwambia kaka yako, "mwaka huu wewe mbuzi, mimi mchele," na mambo yanakwenda.

Mkopo hauna kikao cha ukoo. Hapo ndipo ninapotaka utulie.

Riba inayobadilika ina vipande viwili. Kipande cha kwanza ni kiwango cha rejea, ambacho benki yako inakifuata lakini wewe huna usemi nacho. Cha pili ni nyongeza ya benki yenyewe. Rejea ikipanda, rejesho lako linapanda. Nimekuwa mweka hazina wa kikundi chetu muda mrefu na nimeona watu wanavyosaini. Wanasoma tarakimu ya leo, wanaamini ndiyo bei. Lakini Benki Kuu yetu ya Tanzania ilianza kutumia Riba ya Benki Kuu kuongoza sera yake Januari 2024 kwa asilimia 5.5, ikaipandisha hadi 6 Aprili mwaka huohuo, kisha Julai 2025 ikaishusha hadi 5.75. Hizo ni hatua ndogo, tena si lazima mkopo wako ufuate kiwango hicho moja kwa moja. Nataka tu uone kwamba viwango hivi hutembea, na miaka 20 ni mirefu.

Hesabu nimeifanya kwenye daftari, na mdogo wako akaihakiki kwenye simu. Kwa asilimia 15 utalipa kama 1,053,000 kwa mwezi. Riba ikifika 18, rejesho linakuwa kama 1,235,000. Ongezeko hilo ni zaidi ya milioni mbili kwa mwaka, na huwezi kumwambia ofisa mikopo kwamba safari hii utaleta mchele.

Kuna jambo lingine ambalo huenda hawakukuonyesha. Mwezi wa kwanza, kati ya hizo 1,053,000, milioni nzima ni riba. Deni lenyewe linapungua kama elfu hamsini na tatu tu. Maana yake, mwanzoni riba ikipanda hadi 16, rejesho la zamani halitoshi hata kulipa riba peke yake. Kwa hiyo mtu akikwambia "usijali, tutakuongezea miaka badala ya kupandisha rejesho," mwambie akupigie hesabu hiyo mbele yako. Utalipa kila mwezi na deni litaongezeka.

Umesema rafiki yako anadai Wamarekani wote wananunua nyumba hivi. Si kweli. Wengi wao hukopa kwa riba isiyobadilika kwa miaka 30. Kulikuwa na mikopo iliyoanza na riba nafuu miaka miwili, halafu ikabadilika kwa 28 iliyobaki, na waliopewa wengi walikuwa watu wenye rekodi dhaifu ya kulipa madeni. Benki Kuu yao ilipandisha riba kutoka asilimia 1 mwezi Juni 2004 hadi 5.25 Juni 2006. Ile miaka miwili ilipowaishia, rejesho likaruka. Waliotegemea kuuza au kukopa upya wakakuta bei za nyumba zimeshuka. Mwaka 2008 mambo yakafika hadi kwenye mabenki makubwa.

Ushauri wangu ni huu: kopa milioni 60, si 80. Kwa milioni 60, hata riba ifike asilimia 20, utalipa kama 1,019,000 kwa mwezi, chini ya hicho ulichokwisha kukubali leo. Hiyo milioni 20 itakayopungua kwenye bei ya nyumba, ama uidunduize mwenyewe hadi Krismasi mbili hivi zipite, ama utafute nyumba ndogo zaidi au ambayo haijaisha, uhamie bila dari. Sisi tulihamia humu bila dari na mlikua. Kama benki ina riba isiyobadilika, hata ikizidi kwa asilimia moja au mbili, mimi ningeichukua hiyo na kulala.

Kuhusu hati ya shamba letu la mjini kuwa dhamana ya nyongeza: hapana. Baba yako hajakataa bado kwa sababu sijamwambia. Kihamba hata usikitaje.

Kabla ya kusaini, rudi benki ukaulize kiwango cha rejea ni kipi na kinatangazwa wapi, nyongeza yao inaweza kubadilika au imefungwa, riba ina kikomo cha juu au haina, na watakujulisha muda gani kabla ya kuipandisha. Uliza pia kama kuna faini ukilipa mapema. Wakijibu kwa mdomo, waombe waonyeshe kifungu. Kisha nipigie picha ukurasa wa riba uniletee kwenye simu, usinitumie ule wa mbele wenye picha ya nyumba na familia inayocheka.

Mama yako